Njumu ya lulumizi kwenye ubao wa gitaa: shajara ya kazi, Kampala

Hali ya kuanzia

Njumu ni vipande vya mapambo vinavyopachikwa ndani ya vishimo vya mbao; hapa vingi ni vya lulumizi, yaani ganda la chaza linalong'aa. Gitaa ni la sanduku, nyuzi sita, urefu wa uzi unaotetema, ambao nafasi za freti hukokotolewa kwao, ni 648 mm. Shingo ni mkangazi, ubao wa vidole ni mpingo. Ubao umepigwa randa hadi unene wa 6.2 mm, umepunguzwa upana kuwa 43 mm upande wa kichwa na 57 mm mwisho wake, na mikato ya freti 20, vile vijiti vya chuma vinavyokingama ubao, imekwisha kuchanwa: upana 0.58 mm, kina 3 mm. Haujabandikwa shingoni. Uko bapa kama meza. Mviringo wa uso wake, yaani mgongo kwa upana, wa nusukipenyo 406 mm, utakuja baada ya njumu.

Mafundi wengine hutia mviringo kwanza. Hapa imeamuliwa kinyume kwa ajili ya kitako cha rauta, mashine inayochimba vishimo. Juu ya ubao bapa kinatulia, na kina cha kishimo kinabaki kilekile kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ya ubao wenye mgongo kinayumba, na kina kikiyumba kwa 0.2 mm, kipande kimoja cha ganda kinazama na kingine kinachomoza. Gharama ya uamuzi huu ni hesabu, maana mviringo utalila ganda pembeni. Kipande kilichokaa katikati ya ubao hupoteza kwenye kingo zake kiasi hiki: upana wake ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukigawanywa kwa nusukipenyo mara nane. Kipande cha 34 mm chini ya mviringo wa 406 kinapoteza 0.36 mm. Ganda la 1.5 mm linavumilia. Ganda la 1 mm linabaki na 0.64, na kama mviringo ni mkali wa 254 mm, unaoonekana kwenye baadhi ya magitaa ya umeme, linashuka chini ya nusu milimita. Hapo linaanza kupitisha mwanga, gundi nyeusi ya chini inaonekana, na weupe unageuka kijivu ambacho hakiondoki kwa msasa wowote.

Siku ya 1. Mchoro

Mchoro ni tawi la kahawa linalopanda kutoka freti ya 3 hadi ya 17, na kichwa cha korongo mwenye taji, ndege wa bendera ya Uganda, kwenye freti ya 12. Jumla ni vipande 21: majani 8, matunda 8 ya duara yenye kipenyo cha 4 mm, na korongo vipande 5. Shina la tawi halichorwi. Majani yanapangwa ili jicho liliunganishe lenyewe, kwa sababu shina linalopita juu ya mikato ya freti ni balaa: baada ya gundi kukauka, ganda linatakiwa kuchanwa upya katika kila mkato, na pale meno ya msumeno yanapotokea ndipo linapomeguka. Wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri sana. Kwa anayetia njumu mara ya kwanza, si pa kuanzia.

Katikati ya kila nafasi, kukipimwa kutoka kwenye kidaraja cha kichwani: freti ya 3 ni 86.9 mm, ya 5 ni 148.1, ya 7 ni 202.7, ya 9 ni 251.2, ya 12 ni 314.4, ya 15 ni 367.5, ya 17 ni 398.1. Vipimo vyote vinaanzia sifuri moja. Anayepima kutoka alama hadi alama hujumlisha makosa yake, na akifika freti ya 17 amekosa milimita nzima bila kujua ilipotokea.

Nafasi kati ya mkato na mkato ndiyo inayoamuru ukubwa wa jani. Freti ya 3 ina 32.4 mm, mahali pa kutosha. Ya 12 ina 19.3. Ya 17 ina 14.4 tu. Kila upande ziachwe angalau 2 mm za mbao kati ya kishimo na mkato, na sababu yake ni nyuzi za mbao zenyewe: zinakwenda kwa urefu wa ubao, mkato unazikata kwa kukingama, kwa hiyo kiukuta kinachobaki katikati kina nyuzi fupi fupi zisizoshikana na chochote. Kikiwa cha 1 mm kinang'oka chenyewe biti, ncha ya rauta inayokata, ikikaribia. Tena kichwa cha freti kina upana wa 2.4 mm, kinafunika 1.2 mm kila upande wa mkato. Kwa hiyo jani la freti ya 17 halizidi 10.4 mm.

Mchoro ulichapishwa kwenye karatasi ya stika Nasser Road, mtaa wa wachapishaji. Nakala ya kwanza imetupwa. Mstari wa kupimia wa 100 mm uliowekwa pembeni mwa mchoro ulitoka 97 mm, kwa sababu kompyuta iliachwa ibane ukurasa uingie kwenye karatasi. Asilimia tatu inaonekana ndogo, lakini kwenye freti ya 12 ni zaidi ya 9 mm, karibu nusu ya nafasi yote. Kila mchoro uwe na mstari wa namna hiyo, upimwe kwa rula ya chuma kabla ya kuondoka kwa mchapishaji.

Siku ya 2. Ganda

Nchi inaitwa Lulu ya Afrika, lakini ganda la lulu lenyewe linatoka baharini. Kome wa Ziwa Victoria wana utando wa ndani unaong'aa kweli, na maganda yao yanauzwa kwa magunia kwa ajili ya chakula cha kuku, kwa hiyo yalijaribiwa kwanza. Manne yalisagwa juu ya kioo chenye msasa namba 120 hadi yakawa bapa. Lililobaki nene kuliko yote lilikuwa 0.8 mm. Kwa kichwa cha gitaa, ambacho ni bapa, linafaa. Kwa ubao utakaotiwa mviringo halifai, kwa hesabu iliyotangulia.

Ganda lililotumika ni la chaza wa lulu, vibapa vilivyokwisha kusagwa, unene 1.5 mm, kikubwa kabisa 25 kwa 40 mm. Aina ni tatu: jeupe na lile la mdomo wa dhahabu, yote mawili ya chaza mkubwa Pinctada maxima, na jeusi-kijivu la Pinctada margaritifera. Ganda la nautilasi, mnyama wa bahari wa jamii ya pweza, halikuguswa. Liko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2 Januari 2017, siku ileile ambayo mpingo na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia ambao hawakuwa wameorodheshwa waliingizwa humo. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti hayo kwa upande wa mpingo, kwa hiyo gitaa lililokwisha linavuka mpaka bila kibali cha CITES cha mbao; ubao mbichi hauvuki hivyo.

Kila kibapa kilipimwa unene kwa kalipa, kifaa cha kupimia chenye taya mbili, kwenye pembe nne. Viwili kati ya kumi na sita vilikuwa 1.3 upande mmoja na 1.5 upande wa pili. Hivyo vimetengwa kwa matunda, ambayo ni madogo na tofauti haitaonekana. Kisha kila kimoja kilimulikwa kwa tochi kutoka nyuma: nyufa na vijitundu vya minyoo ya bahari vinaonekana kama vivuli. Ufa uliokata kibapa katikati haukifanyi kuwa taka, maana majani mawili madogo yanaweza kutoka pande zake mbili.

Jambo linalosahaulika ni mwelekeo wa mng'ao. Ganda linawaka kwa pembe moja na kuzima kwa nyingine. Vibapa vilipangwa mezani chini ya taa moja, vikazungushwa hadi vyote vikawaka pamoja, kisha mshale ukachorwa nyuma ya kila kimoja kwa penseli. Bila mshale, majani mawili ya freti ya 7 yangeweza kuwa moja linawaka na jingine limekufa.

Siku ya 3 hadi ya 5. Kukata

Vumbi la ganda ni chokaa pamoja na protini, na linakera vibaya mapafu. Vumbi la mpingo nalo huwaletea wengine mzio wa ngozi na kifua. Barakoa ya N95 inavaliwa tangu kiharusi cha kwanza cha msumeno, na si kitambaa. Tone la maji juu ya ganda kila baada ya dakika chache linalaza sehemu kubwa ya vumbi.

Msumeno ni wa sonara, wembe namba 3/0, meno yakitazama chini. Chini yake kuna kibao cha mbao ngumu kilichobanwa ukingoni mwa meza, chenye mkato wa V na tundu la 8 mm kwenye ncha yake. Ganda linalala juu ya tundu, likishikiliwa kwa vidole viwili, msumeno unapanda na kushuka wima. Wembe ukikazwa sawasawa unalia ukiguswa kwa ukucha; ukitoa sauti ya uzi uliolegea, utapinda ndani ya kona na kukatika.

Karatasi ya mchoro imebandikwa kwa supaglu, na msumeno unapita nje ya mstari mweusi ili mstari ubaki kwenye kipande. Kwenye kona kali usigeuze mkono. Endelea kupandisha na kushusha msumeno bila kusukuma mbele, huku ganda likizungushwa polepole kuuzunguka wembe hadi uelekee upande mpya. Nyembe 11 zilikatika kwa vipande 21, na nyingi zilikatika hapo hapo, kwenye ncha ya jani, mkono ulipoharakisha. Nta ya nyuki ikipakwa nyuma ya wembe inapunguza msuguano. Ikipakwa kwenye meno inakusanya vumbi kuwa uji na kuyaziba.

Jani moja huchukua dakika 10 hadi 12. Korongo amechukua siku nzima. Vipande vyake ni taji kutoka ganda la mdomo wa dhahabu, shavu jeupe, shingo ya kijivu, mdomo wa pembe la ng'ombe wa Ankole, na kilemba cha kooni cha shaba nyekundu ya 1.5 mm kutoka vyuma chakavu vya Katwe. Weusi wa paji la uso haukukatwa kutoka kitu chochote: ni mpingo wenyewe, ulioachwa 3 mm kati ya taji na shavu. Pembe linavimba na kunywea kwa unyevu, jambo ambalo ganda halifanyi, kwa hiyo linafaa kwa kipande kidogo kama mdomo wa 9 mm. Jani zima la pembe lingeanza kusukuma gundi yake msimu ukibadilika.

Taji lilikusudiwa kuwa na miiba 14 iliyotenganishwa. Mwiba wa nne ulivunjika, kisha wa sita. Mwiba wa 0.6 mm katika ganda hauna nguvu, hasa unapokata tabaka zake kwa mshazari. Mchoro umebadilishwa: taji limekatwa kama pepeo zima lenye kingo za meno mafupi, na mistari ya miiba itachongwa juu yake baadaye. Kipande kilichovunjika vipande viwili safi hakitupwi. Ganda huvunjika kwa mstari mkali unaorudiana vizuri, na tone la supaglu likitiwa ufa haupatikani tena.

Kingo zimesafishwa kwa tupa ndogo za sonara, zikiinamishwa kidogo sana ili sehemu ya chini ya kipande iwe nyembamba kuliko ya juu kwa kama 0.05 mm. Kipande kinaingia kishimoni kwa urahisi na kinafunga juu. Mwinamo wa kinyume ni kosa la kudumu, kwani kadiri unavyosugua ndivyo pengo linavyopanuka.

Shingo ya korongo na kilemba cha shaba vinagusana, kwa hiyo vimeunganishwa kwanza juu ya kioo chenye karatasi ya nta na kuhesabiwa kuwa kipande kimoja. Kukata vishimo viwili vinavyogusana ni kuomba ukuta wa mbao usiokuwepo.

Siku ya 6. Kuhamishia mchoro kwenye mbao

Kila kipande kimeshikizwa mahali pake kwa tone dogo la gundi nyeupe ya mbao, ikaachwa ikauke saa moja, kisha kikazungukwa kwa sindano ngumu iliyonolewa kama sindano ya cherehani. Mikwaruzo inayokatiza nyuzi za mbao inashika mara moja. Ile inayofuatana nazo inataka kuiba njia: sindano inateleza ndani ya uzi wa mbao na kutoka nje ya umbo. Pita mara tatu kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Baada ya hapo kipande kinabanduliwa kwa wembe mwembamba, chaki nyeupe inasuguliwa juu ya ubao na kupanguswa, na umbo linabaki jeupe juu ya weusi. Penseli kwenye mpingo haionekani kabisa.

Andika namba nyuma ya kipande na namba hiyohiyo kwenye tepu ya karatasi kando ya umbo lake. Matunda manane yanafanana kwa macho, lakini kila moja lilikatwa kwa mkono na linaingia kwenye kishimo chake tu.

Siku ya 7 na ya 8. Vishimo

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Ganda lililokatwa vibaya kidogo ndani ya kishimo kilichokatwa vizuri linapita. Kinyume chake hakipiti.

Rauta ndogo ya mkono yenye kitako cha kurekebishwa, biti ya 1.6 mm kwa kuondoa mbao ya katikati na ya 0.8 mm kwa kufuata mstari. Kina cha mwisho ni 1.4 mm, ili ganda la 1.5 lichomoze kwa 0.1. Kina kimejaribiwa kwanza kwenye kipande cha mpingo kilichobaki, kikapimwa kwa mkia wa kalipa. Biti ya 1.6 inakwenda 0.7 mm kwa kila mpito. Ya 0.8 isizidi 0.3, ikilazimishwa zaidi inakatika bila onyo, na ncha yake hubaki ndani ya mbao kama mwiba wa chuma. Biti mbili zimekatika namna hiyo.

Ya tatu ilikatika kwa sababu ya umeme. Jioni volteji inashuka, mwendo wa rauta unapungua, na biti inayozunguka polepole badala ya kukata inasukuma. Dalili ni sauti kuwa nzito na vumbi kugeuka kahawia lililoungua. Tangu hapo vishimo vinakatwa asubuhi, stabilaiza ikiwa kati ya soketi na rauta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usivute pembeni: acha biti isimame kabisa, inua rauta wima.

Mwanga utoke ubavuni, kama taa ya meza iliyolazwa karibu na usawa wa ubao. Mwanga wa juu unaficha mstari ndani ya kivuli cha biti. Vumbi lipulizwe mfululizo. Pampu ya baiskeli ya mguu inatosha kwa anayefanya kazi na mwenzake, na pampu ndogo ya tangi la samaki inafaa kwa aliye peke yake.

Biti ya duara haifiki kwenye ncha kali ya jani. Sehemu hiyo inamaliziwa kwa patasi ya 2 mm na ncha ya kisu, ikikatwa wima kutoka nje kwenda ndani.

Kujaribu kipande kunahitaji adabu. Kikiingia nusu kikakwama, hakisukumwi. Kinavutwa kwa kipande cha tepu kilichobandikwa juu yake, mahali panapogusana panaonekana kwa chaki iliyopakwa kingoni, panakatwa unywele mmoja, kinajaribiwa tena. Lengo ni pengo lisilozidi unene wa karatasi ya kawaida, kama 0.1 mm. Kwenye mpingo gundi nyeusi itaumeza mwanya huo. Kwenye mbao ya kahawia kama mvule ungeonekana wote, na ndiyo sababu njumu ya kwanza itiwe kwenye mbao nyeusi.

Kishimo cha freti ya 15 kilitoka 1.6 mm, kwa sababu skrubu ya kitako ililegea. Ganda lilizama kwa 0.1. Maranda membamba mawili ya mbao laini, kila moja karibu 0.1 mm, yalibandikwa chini ya kishimo kwa supaglu, na kipande kikapanda. Kuongeza epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ikiwa nzito chini yake ili kukiinua hakusaidii, kwani kibano kitaikamua yote nje.

Siku ya 9. Gundi

Kipima unyevu cha karakana kilisoma asilimia 74, joto nyuzi 27. Epoksi iliyotumika ni ya polepole, ya saa 24. Ile ya dakika tano inabaki laini zaidi na inalainika tena msasa ukipasha ubao joto. Joto la hapa linafupisha muda wake wa kufanyia kazi, kwa hiyo vipande viligawanywa makundi matatu na epoksi ikachanganywa mara tatu, kidogo kidogo.

Maandalizi yalichukua muda kuliko gundi yenyewe. Mpingo una mafuta, hivyo kila kishimo kilipanguswa kwa asetoni na kuachwa dakika kumi. Mikato ya freti iliyo karibu na vishimo ilizibwa kwa vipande viwili vya filamu kuukuu ya eksirei vilivyopakwa nta na kusimamishwa ndani yake. Epoksi iliyotiririka na kukauka ndani ya mkato hutolewa kwa msumeno wa freti kwa shida, na mara nyingi msumeno huondoka na kingo za mkato.

Rangi ya gundi ni vumbi la mpingo lenyewe, lililokusanywa kutoka msasa namba 240 na kupitishwa kwenye chujio la chai. Vumbi la msasa mkali wa 80 lina vibanzi vinavyoonekana kama madoadoa ya kahawia. Sehemu moja ya vumbi kwa mbili za epoksi iliyochanganywa inatoa uji mzito usiotiririka. Ikiwa nyepesi zaidi inashuka na kuacha mapengo juu. Ikiwa nzito zaidi inabeba viputo. Inapakwa chini na kwenye kuta za kishimo, kipande kinashushwa kwa mshazari ili hewa itoke upande mmoja, kisha kinabonyezwa hadi uji uchomoze pande zote. Kama upande mmoja hautoi uji, hapo pana hewa, toa kipande upake tena.

Juu yake kaveera, yaani mfuko wa plastiki, juu ya kaveera kibao bapa, kisha klampu kwa nguvu ya vidole tu. Klampu ikikazwa kama ya kubandika mguu wa meza, ganda lililokaa juu ya chembe moja ya takataka linapasuka, na sauti yake inasikika.

Siku ya 11. Kusawazisha

Baada ya saa 48 uso wa epoksi ulikuwa na utelezi kama mafuta, jambo la kawaida inapokauka kwenye hewa yenye unyevu mwingi. Ulipanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukakaushwa. Bila hivyo msasa unajaa mara moja.

Ziada imeondolewa kwa tupa pana hadi karibu na ganda, kisha msasa 120 uliobandikwa kwenye kibao kigumu. Kidole kisitumike kamwe nyuma ya msasa. Ganda ni gumu kuliko mbao, na kidole kinafuata ulaini: mpingo unachimbika kuzunguka jani na jani linabaki kama kilima kinachosikika chini ya uzi.

Vijitundu vitatu vilijitokeza, viwili kando ya jani la freti ya 5 na kimoja kwenye taji. Vumbi la mpingo lilishindiliwa ndani kwanza, tone la supaglu nyepesi likafuata. Shaba imeleta tabu yake: unga wake mwekundu unasambaa na kukaa kwenye vinyweleo vya ganda jeupe, shavu la korongo likawa na haya usoni. Dawa ni kusugua kwa mwelekeo mmoja kutoka kwenye ganda kuelekea kwenye shaba, kufyonza vumbi kila baada ya viharusi vichache, na kupangusa kwa spiriti. Akitokea korongo mwingine, kilemba chake kitakuwa cha mbao nyekundu.

Siku ya 12 hadi ya 14. Shingoni, mviringo, mistari

Ubao umebandikwa shingoni ukishikiliwa na misumari miwili midogo isiyo na vichwa ndani ya mikato ya freti ya 1 na ya 13 ili usiteleze, na ikang'olewa gundi iliposhika.

Mviringo umetiwa kwa kibao chenye umbo la 406 mm, urefu wa sentimita 40, msasa 120. Mistari ya penseli nyeupe ilichorwa ubao mzima. Inafutika pembeni kwanza na kuelekea katikati. Kazi ikome pale mstari wa katikati unapoanza kufifia. Ukizidisha unakula ganda bure. Kwenye mwisho wenye upana wa 57 mm pembe zimeshuka 1 mm, maana yake mkato wa freti uliokuwa na kina cha 3 sasa una 2 pembeni. Ulimi wa freti hizi ni 1.8 mm. Mikato yote imepitiwa tena kwa msumeno wenye kizuizi cha kina, kwa uangalifu mkubwa zaidi kwenye freti ya 16 na ya 17 ambako ganda liko 2 mm tu kutoka hapo.

Kisha 180, 240, 320. Mikwaruzo ya 120 ikibaki kwenye ganda haionekani hadi mafuta yapakwe, na hapo imechelewa. Kagua kwa mwanga wa ubavuni kabla ya kupanda namba.

Mistari ya majani na miiba ya taji imechongwa katika hatua hii, kwa kalamu ya chuma ya masonara, kina kama 0.15 mm. Ikichongwa kabla ya mviringo inafutika. Kalamu butu inateleza na kuacha mkwaruzo unaokatiza jani lote, kwa hiyo inanolewa baada ya kila majani mawili. Mistari imejazwa epoksi nyeusi, ikakaushwa, ikasuguliwa kwa 400, 600, 800, na 1200. Msasa wote kavu; maji yanaamsha nyuzi za mbao na kuacha tope kwenye mikato.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka moja jembamba, yakafutwa baada ya dakika kumi. Vitambaa vilivyotumika vimetandazwa nje kwenye kamba, kwa sababu vikikunjwa na kurundikwa vinajipasha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe.

Siku ya 15. Freti

Freti 1 hadi 10 zimegongwa kwa nyundo ya plastiki kama kawaida. Kuanzia ya 11 hadi ya 18 zimeingizwa kwa kubanwa na klampu yenye kichwa cha mviringo, kwa sababu pigo la nyundo 2 mm kutoka kwenye ganda hupita ndani yake. Nyingine mbili za mwisho haziko karibu na njumu, nyundo ilitosha. Tepu imefunika ubao wote kabla ya tupa ya kusawazisha freti, maana kona ya tupa ikiangukia ganda inaacha kovu linalodai kurudi msasa 320.

Ganda katika freti ya 12 limepimwa kwenye ukingo wa taji kabla ya epoksi kuficha: lilikuwa 1.5 mm. Kwa hesabu limebaki na zaidi ya 1 mm. Pengo pana kuliko yote ni kwenye ncha ya jani la freti ya 9, karibu 0.2 mm, jeusi juu ya jeusi, linaonekana kwa lenzi tu.

Kilichobaki ni alama za ubavuni za 2 mm kwenye freti 3, 5, 7, 9, 12, 15 na 17, ambazo zitachongwa kutoka mabaki ya pembe, pamoja na kidaraja cha kichwani cha mfupa. Kipima unyevu kitabaki kwenye sanduku la gitaa hadi mvua za Machi hadi Mei ziishe, na kingo za majani ya freti ya 3 na ya 5, ambayo ni mapana zaidi, zitakaguliwa kwa ukucha kila wiki.